Florosisi ya meno mkoani Kilimanjaro

Florosisi ya meno ni kasoro ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Husababishwa na kumeza floridi nyingi utotoni, wakati meno ya kudumu yanapoundwa ndani ya ufizi. Meno huota yakiwa na michirizi myeupe au madoa ya kahawia; hali ikiwa kali, enameli humeguka.

Kaskazini mwa Tanzania tatizo hili ni la kawaida, kwa kuwa miamba ya volkeno hutoa floridi katika maji. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya Rundugai, tambarare ya Wilaya ya Hai, yalipimwa yakiwa na takriban miligramu 4. Lakini huko Kibosho, mlimani juu ya Moshi, maji yana floridi kidogo mno, na bado watafiti wa miaka ya 1990 walikuta vijana wenye madoa makali. Mwinuko wa mahali umetajwa, ila kinachoshukiwa zaidi ni magadi, ambayo Wachagga hutia katika kiburu ili maharagwe yaive upesi.

Kuchemsha maji hakuondoi floridi; maji hupungua, floridi hubaki. Huweza kuchujwa kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Maziwa hupunguza floridi inayofyonzwa tumboni, kwa sababu ya kalisi yake. Kijiti cha mti wa mswaki husafisha meno na kusaidia ufizi, lakini hakifuti madoa.