Ringi ya babu: matundu 40, habu 36

Wadau, wikiendi nilikuwa Kibondo. Nilimpelekea fundi gurudumu la nyuma la Raleigh ya marehemu babu, aliyoitumia kubebea ndizi za kuwauzia wakimbizi wa Burundi pale Nduta, enzi za kambi ya kwanza, kabla haijafungwa na kufunguliwa tena 2015. Nilitaka lifungwe habu mpya.

Fundi akahesabu, akacheka: "Mwanangu, ringi matundu 40, habu 36. Haziozani."

Waingereza walizoea spoku 32 mbele, 40 nyuma kwenye mzigo. James Starley alishapata hataza ya spoku za kukingama mwaka 1874: gurudumu husimama kwa mvuto wa nyaya. Ukiacha matundu manne wazi, mvuto hauwi sawa, ringi inapinda.

Tukachakura vyuma chakavu, ikapatikana habu ya 40. Ringi ya babu imebaki. Tuonane kesho!