Bata wa Maji, Sheria na Sufuria

Mwambie mtoto wa hapa Nakivale akuchoree bata. Atakuchorea yule wa uani: mweusi na mweupe, uso umejaa nyama nyekundu, hana sauti ila kupuliza kama tairi linalotoka upepo. Huyo bata ni mgeni kama sisi. Kwao ni Amerika ya Kusini na ya Kati, na alivuka bahari baada ya Wazungu kufika huko mwishoni mwa karne ya 15. Leo yuko Kongo, Burundi, Uganda, kila mahali, hata mtu anadhani Mungu alimuumba Uvira.

Wazee wetu wa bonde la Ruzizi walipotaja bata hawakuwa na maana ya huyo. Walisema bata wa maji. Kulikuwa na mdogo mwenye uso mweupe, anayepiga mluzi usiku akipita juu ya nyumba. Kulikuwa na mwenye mdomo wa njano, na yule ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo. Kulikuwa pia na jitu kubwa lenye mwiba kwenye kila bawa, ambalo dume lake linaweza kufika kilo tano au zaidi. Huyo akikupiga bawa unakumbuka. Tena kuanzia mwezi wa kumi wanafika wengine wadogo kutoka Ulaya na Urusi wakikimbia baridi, halafu mwezi wa tatu au wa nne wanarudi makwao. Hakuna anayewaomba karatasi.

Hapa nataka kuandika jinsi bata hawa walivyopikwa nyumbani baada ya kuwindwa, na jinsi upishi huo ulivyobaki hata baada ya bata wenyewe kutoka mikononi mwetu. Vitabu vya historia yetu vinataja wafalme, pembe za ndovu na vita. Sufuria haitajwi, ingawa ndani yake kuna habari nyingi.

Tuanze na kumpata. Bunduki ilikuwa ya wachache: gobole la baruti, au kalibri 12 ya mtu mwenye kibali. Wengi walitumia vitanzi vya kamba kwenye majani ya ukingoni, nyavu, ulimbo, na watoto manati. Kuna majira ambayo hata mikono ilitosha. Bata hubadilisha manyoya makubwa ya mabawa yote kwa mara moja, na kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Mwindaji aliyejua majira hayo aliingia na mtumbwi kwenye matete na kuwafukuza bata kuelekea kwenye wavu. Mwenye akili aliwaacha wenye vifaranga. Sisemi wote walikuwa na akili.

Kwa Waislamu wa Uvira na wa Bujumbura, njia ya kumpata bata iliamua kama ataliwa. Aliyekufa kwa kunyongwa na kitanzi ni haramu. Kwa hiyo mwenye mitego aliizungukia mapema, kabla jua halijapanda, amkute bado hai amchinje. Ndugu zetu Wasomali wa hapa kambini hawahitaji kufundishwa hilo.

Sasa jikoni. Bibi yangu aliyenilea alikuwa na utaratibu ambao hakuupunguza hata siku ya haraka. Bata akifika bado ana joto, ananyonyolewa hapo hapo, akiwa mkavu, kuanzia kifuani. Manyoya ya bata wa maji yana mafuta; ukimtumbukiza kwenye maji ya moto kama kuku, maji hayapenyi vizuri, na ukizidisha moto ngozi inachanika. Manyoya laini ya kifuani yanawekwa kando kwa ajili ya mto wa kulalia. Kisha anababuliwa juu ya moto wa majani makavu, anasuguliwa kwa majivu na maji, na kitezi kilicho juu ya mkia kinakatwa chote. Hicho ndicho bata anachojipakia mafuta ili asilowe. Ukikiacha, sufuria nzima inanuka.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Tumbo linapasuliwa saa ile ile kwa sababu ya joto (Ulaya wanaweza kumtundika bata siku kadhaa kwenye baridi, huku kwetu jioni ameshaharibika), na kabla ya kutupa chochote, bibi alipasua firigisi na kutazama ndani. Akikuta mpunga au mbegu za nyasi, ngozi inabaki, kwa kuwa mafuta yake ni matamu. Akikuta konokono, au akisikia harufu ya samaki, anachuna ngozi yote na mafuta yake, maana harufu inakaa kwenye mafuta. Kwa hiyo kila bata alisoma barua yake kwanza, ndipo akajulikana atapikwaje.

Na mpunga huo nao una historia. Mchele ulisukumwa ndani ya Kongo ya mashariki na wafanyabiashara na waungwana waliotoka pwani katika karne ya 19, wakati Tippu Tip akiwa na makao Kasongo. Baadaye mashamba ya mpunga yakatanda kwenye bonde la Ruzizi pia. Bata wa maji wakaugundua mpunga upesi kuliko watoza kodi. Mkulima akawachukia, mpishi akawashangilia, na mara nyingi hao wawili walikuwa mke na mume.

Baada ya hapo maji ya kwanza: bata aliyekatwa vipande anachemshwa na chumvi, ndimu na mchaichai, halafu maji yanamwagwa. Bibi alikuwa akiniambia, “Bata ya maji haipikiwake mbio-mbio, mwana wangu. Maji ya kwanza unamwanga yote.” Ndipo vipande vinakaangwa kwa mawese na vitunguu mpaka vibadilike rangi, nyanya, tangawizi, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, maji tena, mfuniko, na makaa machache. Bata huyu ameruka maisha yake yote. Misuli yake si ya kuku wa duka. Anaweza kula saa mbili au tatu za moto. Karanga zilizosagwa zinaingia mwishoni, zikiwekwa mapema zinaganda chini na kuungua. Bukari ya muhogo pembeni, au wali kama ndio uliomnenepesha.

Mzungu humpika bata mwitu kinyume kabisa: moto mkali, muda mfupi, nyama ibaki nyekundu ndani. Simcheki. Yeye alipika bata mmoja kwa watu wawili. Bata mwenye uso mweupe hafiki hata kilo moja, na kwetu anawasubiri watu wanane au kumi. Kazi ya mchuzi wa karanga ilikuwa hiyo, kumfikisha bata kwa kila sahani. Baba alipewa firigisi, watoto shingo na miguu ya kunyonya, na mama, kama kawaida, alisema hana njaa.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu ndiyo iliyogeuza chakula hiki kuwa kosa.

Mwezi wa tano mwaka 1900, wajumbe wa dola zilizotawala Afrika walikutana London wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Uingereza ilikuwapo, na Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Italia, Hispania, na ile “Dola Huru ya Kongo” ya mfalme Leopold. Hakukuwa na mwindaji hata mmoja wa Ruzizi mezani. Waliwapanga wanyama kwa makundi: wa kulindwa kabisa, wa kuwindwa kwa kiasi, na waharibifu wa kupunguzwa. Waliandika pia kwamba matumizi ya nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yabanwe. Angalia vizuri hapo. Bunduki ya mwenye leseni ilibaki halali. Wavu na shimo, vifaa vya asiye na pesa, ndivyo vilivyotajwa kwa ubaya. Mkataba wenyewe haukupata kuanza kutumika kwa sababu wote hawakuuridhia, lakini mawazo yake yaliingia kwenye sheria za makoloni.

Kwetu Kongo, Wabelgiji walitenga Hifadhi ya Albert mwaka 1925, ambayo leo ni Virunga, na mwaka 1937 wakatoa amri ya uwindaji na uvuvi. Baada ya uhuru, Zaire iliandika sheria yake ya uwindaji mwaka 1982. Kila mara neno lilikuwa kibali. Kibali kina ada, ada inalipwa ofisini, na ofisi iko mbali. Kwa hiyo mtu yule yule, na kitanzi kile kile alichofundishwa na baba yake, alilala mwindaji akaamka jangili.

Na hapa tulipo? Nakivale ilianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Jirani yetu Mburo ilifanywa eneo la uwindaji wa kibali mwaka 1933, pori la akiba 1963, hifadhi ya taifa 1983. Ile ya 1983 iliwaondoa wafugaji na wakulima waliokuwa wakiishi humo. Wakarudi serikali ilipoanguka mwaka 1985, na baadaye sehemu ya ardhi ikarudishwa. Wenyeji wetu wa Isingiro na Kiruhura, kwa hiyo, wanajua kuondolewa. Wakituambia tusiingie mahali fulani, si kila mara ni chuki. Wengine waliwahi kufukuzwa hapo hapo.

Ziwa Nakivale na Mburo pamoja na vinamasi vyake viliandikishwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo ulitiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, na jina lake kamili linasema wazi kwamba ardhi hizi zinalindwa hasa kama makao ya ndege wa majini. Wawindaji wa bata wa Ulaya walikuwa miongoni mwa waliouunga mkono, kwa kuwa waliona mabwawa yao yanakaushwa na bata wanapungua. Hilo linanifurahisha kidogo. Waliompenda bata kwenye sahani walikuwa kati ya wa kwanza kumlilia.

Lakini ndugu msomaji, usichukue makala hii ukaenda nayo kutega ziwani. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 ni kali. Mnyama mwitu yeyote ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kumwinda bila kibali ni kosa, awe tembo au bata mmoja. Mkimbizi anayekamatwa na kitanzi ana matatizo mawili, la kesi na la karatasi zake. Upande mwingine, uwindaji wa wageni wanaolipa, uliopigwa marufuku nchini mwaka 1979, ulirudishwa kwa majaribio kandokando ya Mburo mwaka 2001. Sehemu ya pesa huenda kwa wanakijiji, na hilo ni afadhali kuliko bure. Hata hivyo kijana wa miaka 17 anayeona mgao wa nyumbani unapungua, na bata 200 wakishuka majini jioni, anauliza swali ambalo sijui nani kambini ameandaliwa kulijibu. Nyie mnaofanya kazi za misaada mnaliita suala la ulinzi wa mazingira. Kwake ni suala la mboga.

Kuna na hatari zisizohusu polisi. Aliyepigwa kwa marisau ya risasi anabaki na madini ya risasi ndani ya nyama, na hiyo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Marekani ilipiga marufuku marisau hayo kwa kuwinda bata nchi nzima mwaka 1991. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilishaandikwa jinsi watu walivyotega bata kwa dawa ya wadudu ya Furadan iliyochanganywa na mpunga, kisha wakawauza kwa kula. Ukiletewa bata wa maji wa bei rahisi, hana jeraha wala alama ya kamba, usimnunue. Maji ya kwanza ya bibi hayatoi sumu hiyo. Na mwaka 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa Uganda, kwa ndege wa mwitu ufukweni karibu na Entebbe na kwa bata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka. Ndege aliyeokotwa amekufa si zawadi.

Kwa hiyo aliyebaki ni bata wa uani, yule mgeni wa Amerika. Nimewatazama akina mama wa kwetu wakimpika, hasa siku za Krismasi na harusi. Wanakata kitezi cha mkia. Wanababua kwa moto wa majani. Wanamwaga maji ya kwanza, ingawa bata huyu amekula pumba na mabaki ya bukari, hajawahi kuona konokono wa ziwani. Wengine bado wanapasua firigisi na kutazama, kisha wanaitupa kwenye beseni bila kusema kitu. Mabinti wanaosaidia hawaulizi. Mmoja tu aliwahi kuuliza mbele yangu kwa nini maji mazuri yanamwagwa na maji yenyewe tunapanga foleni, na mama yake akamjibu kwamba bata ndivyo anavyopikwa.

Saa tatu za moto nazo ni shida kwa bei ya makaa ya sasa. Bata wa uani mchanga anaiva kwa saa moja na nusu, kwa hiyo hapo punguzeni. Kitezi msiache. Karanga mwishoni.

Ninakusanya majina ya bata wa maji kwa Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi, Kinyarwanda na Kinyankole, pamoja na namna kila kabila lilivyowapika na nani alipewa sehemu gani. Ukiwa na mzee nyumbani anayewajua kwa mluzi wao, mlete, au niambie nije mimi. Tutayaandika katika toleo lijalo.