Ramani za Kale na Historia ya Mahali: Mfano wa Babati

Mchungaji anayetakiwa kuandika historia ya usharika wake kwa kawaida hufungua kitabu cha ubatizo, kisha huwaendea wazee. Njia hizo mbili ni njema. Hata hivyo yuko shahidi wa tatu ambaye wengi wetu hatujamzoea, naye ni ramani ya zamani. Makala hii yakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Babati, mambo ambayo shahidi huyo aweza kutueleza, na mahali ambapo ushuhuda wake hukoma.

Tuanze na majina. Wenyeji wa Babati hujiita Wagorowa. Lakini ramani za Wajerumani zenye skeli ya 1:300,000, zilizochapishwa Berlin, ziliita nchi hii Ufiome, jina lililotumiwa na wageni. Jina hilohilo ndilo linaloonekana katika habari za Vita Kuu ya Kwanza. Mnamo Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yalitoka upande wa Arusha, yakapita Ufiome, na tarehe 19 yakaiteka Kondoa-Irangi. Mwanafunzi atakayelitafuta neno Babati katika habari hizo aweza kudhani kwamba vita havikuigusa nchi yake. Kumbe vilipita karibu na mlima Kwaraa, ambao huuona kila asubuhi. Ramani ya kale humfungulia mlango huo.

Na mipaka nayo imebadilika. Wakati wa Waingereza Babati ilikuwa katika Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini. Ilipata kuwa wilaya mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara, ambao makao yake makuu ni Babati, ulianzishwa mwaka 2002. Kwa hiyo hati za zamani hazina budi kutafutwa chini ya majina ya zamani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilianza kutengenezwa ramani za skeli ya 1:50,000 kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Katika ramani hizo sentimita moja ni mita 500 za ardhi, na hata nyumba huonyeshwa kwa alama ndogo. Msomaji na atazame kwanza maelezo ya pembezoni, maana mwaka wa kupigwa picha si lazima uwe mwaka wa kuchapishwa. Jambo hili lina uzito. Ufuko wa Ziwa Babati, kwa mfano, ni ufuko wa siku ile ya picha tu. Ziwa hupanda na kushuka, na mwaka 1990 maji yake yaliufurikia mji.

Lakini uzito mkubwa zaidi uko katika makazi. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini kwa pamoja ni lazima, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Ramani iliyotokana na picha za kabla ya hapo huonyesha nchi nyingine: nyumba zilizotawanyika miteremkoni, na vijia vya kwenda majini. Tukiiweka kando ya ramani ya baadaye, twaona mahali palipoachwa. Huko kuna makaburi. Huenda huko ndiko walikokusanyika Wakristo wa kwanza wa mtaa fulani, ijapokuwa leo pana shamba la mahindi tu.

Hapa ndipo tunapohitaji busara. Alama ya nyumba haina jina la mwenye nyumba. Ramani hizi hazionyeshi mipaka ya koo, wala hazisemi ni nani aliyehama kwa hiari na nani aliyehamishwa. Mchungaji asiichukue ramani kana kwamba ni hukumu katika ugomvi wa ardhi. Tukumbuke pia kwamba kila anayeichora nchi ana sababu yake. Katika Yoshua 18 watu walitumwa kuizunguka nchi na kuiandika ili igawanywe. Watawala nao walichora kwa ajili ya vita, kodi na barabara. Historia ya wenyeji haikuwa shabaha yao.

Basi ramani isomwe pamoja na watu. Mzee aulizwe kwanza asimulie, ndipo aonyeshwe karatasi, ili ramani isimwekee maneno kinywani. Akina mama waulizwe habari za visima na njia. Majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka kwa Kigorowa na Kiiraqw, pamoja na jina la msimulizi na tarehe.

Kazi hii haiwezi kungoja. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1974 amekwisha kupita miaka 70. Ramani itadumu kabatini, lakini mtu awezaye kuweka kidole juu ya alama moja na kusema, “Hapa ndipo tulipomzika baba,” hatadumu nasi siku zote. Wanafunzi wanaokwenda sharikani kwa mazoezi ya likizo waanze na huyo.