Mgongano wa kazi na familia

Mgongano wa kazi na familia ni hali ambayo majukumu ya ajira na ya nyumbani hushindana kiasi kwamba kutimiza upande mmoja hukwamisha mwingine. Mwaka 1985 Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell wa Marekani waliugawa katika aina tatu: unaotokana na muda, unaotokana na msongo na unaotokana na mwenendo.

Mgongano huu unaweza kupunguza kujituma, yaani kuanzisha jambo au kuzuia tatizo bila kusubiri agizo. Muda na nguvu vikipungua, mfanyakazi hutimiza ya lazima na kuacha ya hiari.

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, chanzo kimojawapo cha mgongano huu ni umbali. Walimu na wauguzi hupangiwa vituo mbali na wenza wao. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu (1996) na Nduta (iliyofunguliwa upya 2015) nazo zilivuta waajiriwa kutoka mikoa mingine. Muuguzi wa zamu ya usiku anayelea mtoto mchana bila ndugu wa karibu anaweza kujaza rejesta ipasavyo, lakini asifuatilie wajawazito waliokosa kliniki.

Nafuu fulani ipo kisheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 iliweka likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha, siku 3 kwa baba, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Watumishi wa umma huweza pia kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza.