Nyumba za Kale Zilikuwa na Watu Wangapi?

Yamkini umepata kusikia, ewe msomaji, kwamba zamani kila nyumba ya Uingereza ilijaa babu, wana na wajukuu, na kwamba viwanda ndivyo vilivyowatawanya. Mtaalamu Peter Laslett hakuridhika na masimulizi, alitaka hesabu. Kasisi wa kijiji cha Clayworth aliwaandika watu wake nyumba kwa nyumba mwaka 1676, na tena mwaka 1688. Kumbe zaidi ya nusu ya wale wa kwanza hawakuwamo tena! Nazo orodha za vijiji na mitaa 100, za tangu 1574 hadi 1821, zilionyesha wastani wa watu wasiotimia 5 katika nyumba, watumishi wakiwamo. Basi usizihukumu jamaa za leo kwa sifa za kale zisizohesabiwa.