Negativu: Picha Inayoweza Kurudi

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava ikashuka katikati ya mji wa Goma mpaka ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Nyumba za watu kwa maelfu ziliteketea pia, na ndani yake zilikuwamo picha za arusi, za komunyo ya kwanza, za wazee waliokwisha kufariki. Mabati hununuliwa tena, lakini marehemu hapigwi picha tena. Hata hivyo picha yake yaweza kuchapwa upya, kama negativu imesalia mahali pengine.

Negativu ni picha ya kinyume: uso mweusi ni mweupe, na shati jeupe ni jeusi. Twaipataje? Karibu mwaka 1000 mtaalamu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alieleza jinsi mwanga wa jua lililopatwa upitavyo katika tundu dogo na kuchora umbo lake ukutani. Lakini mchoro huo haukushikika: ukiziba tundu, umetoweka.

Mwaka 1839 Mfaransa Daguerre alionyesha picha zilizoshikwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Zilikuwa nzuri ajabu, ila kila moja ilikuwa peke yake, ikiungua, basi. Mwingereza Talbot alikuwa ametangulia kutumia karatasi. Negativu yake ya dirisha la nyumbani kwake Lacock, ya Agosti 1835, haizidi sana stempu ya barua, nayo ipo hata leo. Ukiiweka kando ya kazi ya Daguerre, yaonekana kama ukungu. Lakini sisi twampa Talbot ushindi, kwa kuwa negativu moja ya karatasi huzaa picha kumi, au mia. Majina yenyewe, negativu na positivu, yalitolewa na rafiki yake Herschel mwaka 1840.

Wapiga picha wa barabarani wa Afrika ya Mashariki, wenye masanduku ya mbao, waliifuata njia hiyo hiyo. Walipiga negativu juu ya karatasi, wakaiosha humo humo sandukuni, kisha wakaitundika mbele ya lenzi na kuipiga picha nayo. Kinyume cha kinyume ndicho uso wako. Mteja alichukua positivu. Negativu mara nyingi ilitupwa, na hilo latusikitisha.

Sanduku halihitajiki ili kujaribu. Chukua kopo la maziwa ya unga, ulipake rangi nyeusi ndani, utoboe tundu kwa ncha ya sindano. Gizani tia karatasi ya picha, ikitazama tundu, funika. Juani fungua tundu kwa nusu dakika au dakika moja, bila kutikisa kopo. Chumba cha giza huruhusu balbu nyekundu, maana karatasi hii haioni wekundu. Ndiyo sababu hata wingu jekundu la usiku juu ya Nyiragongo, ambalo watoto wa Goma hulijua vema, halitaacha alama koponi.

Tia karatasi katika dawa ya kutokeza picha, kisha katika maji yenye siki kidogo, kisha katika dawa ya kuiimarisha. Halafu ioshe sana. Dawa ikibaki, picha huharibika kwa madoa ya njano. Hapo ndipo penye taabu: Goma imekaa juu ya lava inayonyonya mvua yote, na watu wengi hubeba maji ya ziwa kwa madumu ya njano. Usimwage ovyo.

Negativu ikikauka, ilaze kifudifudi juu ya karatasi mpya, uso kwa uso, kioo juu yake, uwashe taa nyeupe kwa sekunde chache. Ukiilaza chali, maandishi ya duka yatasomeka kinyumenyume, na picha itafifia. Ioshe kama ya kwanza. Katika negativu ya mitaa yetu mawe ya mwaka 2002 ni meupe kama unga wa muhogo, na mbingu ni nyeusi. Katika beseni, polepole, mawe hurudi kuwa meusi, na watu waliosimama juu yake hupata nyuso.