Pointi na ujuzi: namna vyuo vinajaribu kupima kile mwanafunzi amejifunza kweli

Siku matokeo yanabandikwa ku valve, wanafunzi wanasongana mbele ya karatasi wakitafuta jina lao. Mmoja ametoka na satis, mwingine na disti, wa tatu anabaki na deni la kozi mbili. Simu zinalia nyumbani na mzazi anauliza swali moja: umepita? Swali la pili halina mtu wa kuliuliza siku ile: sasa unaweza kufanya nini ambacho mwaka uliopita ulikuwa huwezi?

Swali hilo la pili limepata uzito hapa kwetu tangu vyuo vikuu viingie mu sistemi ya LMD. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilifungua mlango, na kiisha mkutano mkuu wa elimu ya juu uliofanyika Lubumbashi mu Septemba 2021, vyuo vikaanza kuitumia kwa ujumla mwaka wa masomo 2021-2022. Watu wengi wanaijua LMD kwa hesabu zake: kredi 60 kwa mwaka, kredi 180 kwa lisansi ya miaka mitatu, badala ya ile gradua ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili ya zamani. Lakini nyuma ya kredi kuko jambo ambalo halizungumzwi sana. Sistemi hii inataka kila kozi, na programu nzima, iseme mapema kile mwanafunzi ataweza kufanya ikimalizika. Kwa Kifaransa wanaita acquis d'apprentissage. Hapa tutasema matokeo ya kujifunza.

Kuyaandika ni rahisi, profesa anaweza kuyaandika jioni moja. Kuyapima njo kazi. Na kusudi tuelewe kazi ile inafanana na nini, tuangalie mahali ambapo wameijaribu kwa muda mrefu, wakagombana juu yake na bado wanagombana: vyuo vya Marekani vinavyofundisha kile wao wanaita liberal arts.

Masomo mapana, na shida yake

Chuo cha namna hii mara mingi kiko kidogo, na wanafunzi elfu moja au mbili hivi. Mwanafunzi anasoma miaka minne. Anachagua somo moja kuu, tuseme historia, fizikia au falsafa, lakini analazimika kugusa mengine: fasihi, hesabu, lugha ya kigeni, sayansi ya jamii. Ni masomo mapana, na tutayaita hivyo. Chuo kinaahidi kwamba akitoka atajua kuandika kitu kinachoeleweka, kupima hoja ya mwenzake, kusoma takwimu bila kudanganywa, na kusikiliza mawazo yasiyo yake.

Shida inaanzia pale. Muuguzi unaweza kumsimamisha mbele ya mgonjwa na kuona kama anajua kuweka serumu. Fundi umeme, taa inawaka ao haiwaki. Lakini kupima hoja utakuona wapi? Hakuna kozi moja yenye jina hilo. Kila profesa anafikiri mwenzake njo anafundisha, na mwishoni inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyefundisha.

Mtu atasema: si kuko pointi? Pointi ziko, lakini zinachanganya vitu vingi mu namba moja: kuhudhuria, kurudisha kazi kwa wakati, kukariri silabusi, wakati mwingine kuandika kwa hati nzuri. Mwandishi wa mistari hii aliwahi kupata 16 ku 20 kwa kozi ya falsafa kwa kurudilia silabusi neno kwa neno. Ungemwomba siku ile aeleze wazo moja kwa maneno yake mwenyewe, angebaki kimya. Tena, ukijumlisha kozi kumi na kupata asilimia 62, ile 62 haikuambii kama promosyo nzima inashindwa kitu kimoja, sawa vile kutumia maandishi ya wengine bila kuyanakili. Pointi inahukumu mtu mmoja mu kozi moja. Kupima matokeo kunaangalia programu: kundi hili lote, kwa miaka yake yote, limejifunza nini?

Wageni wanaohoji, na watu wa muji

Njia ya kwanza ni ya zamani. Ku Swarthmore, chuo kilicho karibu na Philadelphia, rais Frank Aydelotte alianzisha mu 1922 programu ya heshima ambayo aliichukua mu mawazo aliyoyaona Oxford alipokuwa mwanafunzi. Mwanafunzi wa programu ile, mwaka wa mwisho, hapimwi na maprofesa wake. Chuo kinaita watu wa nje, wataalamu wa vyuo vingine, wanatunga maswali na kumhoji kwa mdomo. Programu iko mpaka leo. Faida yake inaonekana haraka: profesa na mwanafunzi wanakuwa upande mmoja, wanajitayarisha pamoja kwa mgeni anayekuja. Hasara yake inaonekana haraka vilevile. Ni ghali, na inafaa wanafunzi wachache waliochaguliwa.

Njia ya pili ilienda mbali zaidi. Ku Milwaukee, mu jimbo la Wisconsin, kuko chuo cha wanawake kinachoitwa Alverno, kilichoanzishwa na masista wa Mtakatifu Francis. Chini ya rais wake Sista Joel Read, mu 1973 chuo kilibadilisha mafundisho yote. Walianza kwa kuulizana kila idara: mwanafunzi akikosa somo lako, anakosa nini ambacho hawezi kukipata pengine? Kutokana na majibu walifika ku uwezo nane ambao kila mwanafunzi lazima auonyeshe: kuwasiliana, kuchambua, kutatua shida, kupima maadili, kufanya kazi na wengine, kuelewa dunia, kuwa raia mwenye kushiriki, na kuguswa na sanaa. Kila uwezo una ngazi zake. Badala ya pointi, mwanafunzi anapata maandishi yanayomwambia ni nini amefanya vizuri na ni wapi bado.

Kuko mambo mawili ya Alverno ambayo yanastahili kusimuliwa. La kwanza: mwanafunzi mpya anarekodiwa kwa video akitoa hotuba fupi, na baadaye anaiangalia akilinganisha na zile anazotoa akiwa amekomaa. Anajipima mwenyewe kabla ya kusikia hukumu ya mwalimu, na kujipima huko kunahesabiwa kama sehemu ya kazi. Wengine wanacheka, wengine wanafunika uso. La pili: chuo kilialika watu wa muji, wafanyabiashara na watu wa kazi mbalimbali, wakafundishwa namna ya kupima, kiisha wakaja kuwaangalia wanafunzi wakijadiliana ao wakitatua shida. Mtu ambaye kesho atakuajiri anakuona leo ukifanya kazi. Hii yote inaomba maprofesa wengi kwa wanafunzi wachache, hilo lazima lisemwe.

Fardi ya kazi

Ku Carleton, chuo cha Northfield mu Minnesota, walichagua kitu chepesi. Tangu 2001, kila mwanafunzi anayemaliza mwaka wa pili anatoa fardi ya maandishi yake. Hatungi kitu kipya. Anachagua kati ya kazi alizokwisha kufanya mu kozi mbalimbali, kusudi zionyeshe kwamba anajua kuchambua, kutumia maandishi ya wengine na kutetea hoja, kisha anaandika maelezo mafupi juu ya uandishi wake. Maprofesa wa idara zote wanakaa pamoja kuzisoma: mtu wa kemia anasoma insha ya historia, mtu wa muziki anasoma ripoti ya biolojia. Mwanafunzi ambaye fardi yake ina upungufu anajulishwa na kusaidiwa kungali mapema, miaka miwili kabla ya diploma.

Mu njia hii, kitu cha thamani kwa maoni yetu kinapatikana mu ile meza ya wasomaji. Wawili wanasoma karatasi moja. Mmoja anasema ni nzuri, mwingine anasema haifai. Wanalazimika kuelezana "nzuri" maana yake nini. Kusudi ubishi ule usianze upya kila siku, wanatumia gridi: upande mmoja wanaandika mambo yanayopimwa, upande mwingine ngazi, na mu kila kisanduku sentensi inayoeleza ngazi ile inafanana na nini. Chama kimoja cha vyuo vya Marekani, AAC&U, kilitoa mu 2009 gridi za namna hii zilizoandikwa na maprofesa wa vyuo vingi, kila moja na ngazi nne. Ziko za kuandika, kuhoji, kusoma namba, kushirikiana. Vyuo vingi vinaziazima na kuzibadilisha kulingana na mahitaji yao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Idara inachukua karatasi 40 za mwaka wa tatu, inaficha majina, wasomaji wawili kwa kila karatasi. Wanakuta 31 zina wazo linaloeleweka, lakini 9 tu zinapima ushahidi. Zilizobaki zinaorodhesha vitabu bila kusema kipi kinaaminika. Hapo hakuna mwanafunzi anayefelishwa. Idara njo inajiuliza: kupima ushahidi tunakufundisha mwaka gani, mu kozi ya nani? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna. Basi wanaweka zoezi mu kozi moja ya mwaka wa pili, na baada ya miaka miwili wanachukua tena karatasi 40. Kama hatua hii ya mwisho haifanyiki, kazi yote ya mbele ilikuwa karatasi tu, na ukweli ni kwamba vyuo vingi vinaishia pale.

Kitabu kilichowashitua

Mu 2011, Richard Arum na Josipa Roksa walitoa kitabu kinachoitwa Academically Adrift. Walifuata wanafunzi zaidi ya 2.300 wa vyuo 24, wakawapima kwa mtihani mmoja wa kufikiri na kuandika walipoingia na tena baada ya miaka miwili. Asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo yanayoweza kuhesabiwa. Habari ilienea, magazeti yakaandika kwamba vyuo ni bure.

Lakini mtihani ule ulikuwa wa dakika 90, na haukuwa na pointi yoyote kwa mwanafunzi. Kijana anayejua kwamba hata akiandika ovyo hakuna linalompata, utapima nini kwake, ujuzi wake ao uvumilivu wake? Wachambuzi wengi walisema hivyo. Hata hivyo sehemu nyingine ya kitabu haikupata kelele sana, na njo inatugusa zaidi: wanafunzi ambao kozi zao ziliomba kusoma zaidi ya kurasa 40 kwa wiki na kuandika zaidi ya kurasa 20 kwa nusu mwaka waliendelea kuliko wengine. Na wale wa masomo mapana, kama fasihi, sayansi ya jamii, sayansi na hesabu, walipata maendeleo makubwa kuliko wale wa biashara.

Maprofesa wa kule hawapendi wote mambo haya. Wengine wanasema ni ripoti juu ya ripoti, zinazoandikwa kwa sababu tume zinazotoa kibali zinazidai, na bila kibali wanafunzi wa chuo hawawezi kupata msaada wa serikali. Wengine wanasema kitabu kinachobadilisha mawazo ya mtu kinaweza kuzaa matunda baada ya miaka kumi, wewe unampima Juni. Malalamiko haya yana ukweli. Na kuko hofu moja ambayo tungeihofu sisi pia: siku matokeo yatakapotumiwa kumuadhibu mwalimu, hakuna mwalimu atakayeonyesha karatasi mbaya.

Na ku oditwari yetu?

Wanafunzi mia nne mu oditwari moja, asistanti mmoja anayesahihisha usiku, umeme unaokatika: njia ya Alverno haiwezi kuingia hapa ilivyo. Ile ya karatasi 40 inaweza. Haihitaji kompyuta wala wafadhili, inahitaji meza, gridi ya ukurasa mmoja, na watu sita wanaokubali kutoa siku mbili. Tena sisi tuna kitu ambacho vyuo vingi vya Marekani havina kwa kila mtu: kazi ya mwisho ambayo mwanafunzi anaandika na kuitetea mbele ya juri. Leo kazi ile inapata pointi, watu wanapiga picha na maua, kiisha kitabu kinaenda ku biblioteki kulala. Kama idara ingechukua kazi 20 za mwaka mmoja na kuzisoma kwa gridi moja, ingejua kama ile sentensi nzuri iliyoandikwa juu ya programu ya LMD, "mwanafunzi ataweza kuchambua", ni kweli ao ni maneno.

Mzazi naye anaweza kuuliza kabla ya kulipa. Ku secretariati ya fakilte, usiulize tu bei na asilimia ya waliopita. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa pili anaandika kazi ngapi kwa mwaka, za kurasa ngapi, na nani anazisoma na kumrudishia na maelezo. Kama anayekujibu hajui, muulize mwanafunzi anayekaa pale nje ku ngazi. Huyo anajua.